Winchi Ilikuwa Nzima

Saa moja na nusu asubuhi. Gari la kijani linalovuta kwa magurudumu yote manne linapanda taratibu juu ya mizani ya bohari ya nafaka, na mwenye gari amesimama kando, mikono kiunoni, uso umemkunjamana.

"Mimi nimekuja kununua winchi ya kujivutia nikikwama," anasema. "Sikuja kupimwa uzito kama mtoto wa kliniki."

"Hata mtoto wa kliniki hapewi dawa kabla hajapimwa," anajibu fundi bila kugeuka. Macho yake yako kwenye kidirisha cha karani wa mizani.

Gari halikupimwa tupu. Fundi alikataa katakata. Jana alimwagiza mteja huyu alilete na kila kitu anachosafiri nacho: madumu ya maji yakiwa yamejaa, hema, tairi mbili za akiba, jenereta, sanduku la vyombo, pamoja na kaka zake wawili ambao huwa anakwenda nao porini. Hao kaka wamekaa kiti cha nyuma, wanacheka.

Karani anachungulia nje. "Tani tatu, kilo mia moja na ishirini."

"Wewe uliniambia tani mbili na robo," fundi anamwambia mteja.

"Ndivyo kinavyosema kitabu cha gari."

"Kitabu kililipima likitoka kiwandani. Hakiwajui kaka zako."

Anatoa penseli nyuma ya sikio, anaandika kwenye kipande cha boksi. Uzito wote, ongeza nusu yake. Inakuja karibu tani nne na kilo mia saba. Mteja alikuwa ameng'ang'ania winchi ya tani tatu na nusu kwa sababu ni nyepesi na inakaa vizuri kwenye bampa. Fundi anamtajia ya tani tano. Kama bampa haliibebi, anasema, basi abadilishe bampa.

Mtaani wanamwita Fundi Mizani. Ana miaka hamsini na mitatu, na kazi ya kufunga winchi ameifanya kwa miaka ishirini na sita, kwenye gereji ile ile yenye mlango wa bati wa kusukuma, benchi refu la mbao lililolowa grisi, na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyekumbuka kuitoa. Kwa mwezi anafunga winchi nne, zikizidi sana tano. Katika kila wateja watatu, mmoja humkimbia kwa sababu ya habari hizi za kupimwa.

"Waende tu," anasema. "Mtu akikasirika akaenda, najua amefika nyumbani kwake ana miguu yote miwili."

Anasema hivyo, kisha anaanza kufuta mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe.

Zamani hakuwa hivi. Zamani fundi huyu alikuwa hapimi kitu. Alikuwa na sifa ya jicho. Gari likiingia getini analizunguka mara moja, anapiga teke tairi, anataja uzito. Madereva walikuwa wanabishana naye, wanaweka dau la soda, wanakwenda kupima kwa siri, wanarudi wamenywea. Alikosea kwa kilo hamsini tu, mara nyingine kilo mia. Jina lake likapanda.

"Nililipenda lile jicho langu," anasema. "Mtu akiniambia tukapime, niliona kama amenitukana."

Miaka tisa iliyopita, aliyeingia getini alikuwa shemeji yake mwenyewe, mume wa dada yake mdogo. Wakati huo shemeji alikuwa dereva wa kampuni ndogo ya kuchimba visima. Alikuwa na lori la magurudumu manne ya kuvuta, la kubebea mabomba ya chuma mpaka huko ambako barabara inaishia na watu wanaanza kuonyesha njia kwa kidole. Kampuni ilikuwa imemkubalia lori lifungwe winchi, na yeye akasema hakuna wa kulifunga ila kaka wa mke wake.

Pamoja naye alikuwa utingo wake, mtu mzima aliyemzidi dereva wake kwa miaka kumi. Walimwita Kofia, kwa sababu ya kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Dereva na Kofia walikuwa wamesafiri pamoja miaka kumi na minne. Walikuwa wanagawana sigara moja mpaka dereva alipoacha kuvuta, na hata baada ya hapo Kofia aliendelea kukata yake nusu kwa mazoea.

Siku hiyo lori lilikuwa limetoka kuoshwa. Lilikuwa tupu. Fundi alilizunguka, akapiga teke tairi.

"Hili halizidi tani nne na nusu," akasema.

Kofia ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, "Na mabomba je, fundi?"

Fundi anakumbuka jinsi alivyomjibu. "Nilimwambia, mzee, wewe shika kamba, hesabu niachie mimi. Watu wakacheka. Na yeye akacheka."

Alifunga winchi ya tani saba kasoro, iliyokuwepo gereji. Ilikaa vizuri kwenye bampa. Shemeji akampiga begani, akaondoka.

Lori likiwa na mabomba, pipa la maji na vifaa vya kuchimbia, lilikuwa na uzito wa tani saba na nusu. Hilo fundi alikuja kulijua baadaye. Lilihitaji winchi isiyopungua tani kumi na moja, na ya tani kumi na mbili ndiyo ingekuwa salama. Alilifungia kitu ambacho nguvu yake haikufikia hata uzito wa lori lenyewe likiwa limesimama kwenye lami, seuze kwenye matope, yanayoshika magurudumu na kuyanyonya.

Ilichukua miezi mitano. Wakati wa mvua, lori lilikwama likipanda kutoka kwenye kijito, matope yamefika kwenye ekseli. Juu ya ukingo kulikuwa na mti imara, hatua kumi tu kutoka kwenye bampa. Waliona wana bahati, mti uko karibu.

"Mti kuwa karibu ndiyo ilikuwa balaa yenyewe," fundi anaeleza, na hapa anasimama kwenda kwenye benchi kuonyesha. Anachukua ngoma ya winchi yenye kamba ya chuma iliyojaa. Nguvu iliyoandikwa kwenye winchi, anasema, ni ile ya mzunguko wa kwanza, kamba ikiwa imetoka karibu yote. Kila tabaka la kamba linalobaki kwenye ngoma linapunguza nguvu. Kwa hatua kumi, kamba karibu yote ilikuwa bado imejiviringisha. Ile tani saba kasoro ilikuwa imebaki nne hivi.

Kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, lingewasaidia. Kamba ikipita kwenye kapi na kurudi, mvuto unakaribia kuwa mara mbili, na kamba zaidi inatoka kwenye ngoma. Kapi lilikuwepo gereji, limening'inia msumarini siku ile lori likifungwa winchi. Hakuna aliyeliomba na fundi hakulitaja.

Kofia alikuwa ameshika rimoti ya winchi, amesimama pembeni. Winchi ilivuta. Lori lilipanda robo ya ukingo, likasita. Dereva akaona tairi za nyuma zinataka kurudi, akavuta breki ya mkono, akashuka na jiwe kwenda kuliweka nyuma ya tairi. Mota ya winchi ikapata moto, ikajizima. Breki iliyo ndani ya ngoma, ambayo ndiyo ingeshikilia kila kitu hapo, ilikuwa imeshaungua kwa kuzidiwa. Ikaachia. Kamba ikatoka yenyewe, lori likateleza na breki yake ya mkono, likarudi nyuma.

Tairi ya nyuma ilimpanda dereva, na hospitalini akakatwa mguu wa kulia chini ya goti.

"Na mimi nilikosea kushuka," shemeji anasema leo. Yuko nyumbani kwake, mitaa minne kutoka gereji, ameketi mbele ya meza iliyojaa feni zilizofunguliwa. Siku hizi anatengeneza feni na pasi za majirani. Kwa siku njema anapata theluthi ya alichokuwa anapata barabarani. Mguu wa bandia ameuvua, ameuegemeza kwenye kochi, umevaa soksi. "Dereva hatoki kwenye usukani lori likiwa limening'inia. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza. Lakini kilichoniuma miaka yote ile hakikuwa hicho."

Kilichomuuma ni Kofia. Akiwa chini ya lori, jambo la mwisho aliloliona ni kamba ikitoka kwenye ngoma. Na rimoti ina vitufe viwili tu, cha kuvuta na cha kuachia. Alipopata fahamu hospitalini, akili yake ilikuwa imeshamaliza hesabu: Kofia alitaharuki, akabonyeza kitufe cha kuachia.

Kofia alisema hakubonyeza. Alimwambia msimamizi wa kampuni, akawaambia madereva wenzao gereji. Hakuna aliyemwamini, maana kamba ilitoka na mwenye rimoti alikuwa yeye.

Wiki mbili baada ya ajali, kampuni ilileta winchi kwa fundi aifungue. Aliifungua kwenye benchi hili hili. Aliijaribu rimoti, vitufe vyote viwili vilifanya kazi. Kisha akatoa breki. Ilikuwa nyeusi kama mkaa, imeungua mpaka chuma kimebadilika rangi. Akainusa mota.

"Nilijua kabla sijamaliza kutoa nati ya pili," anasema. "Nilikwenda nikaketi pale kwenye tairi. Nikapiga simu kwenye kiwanda kinachotengeneza mabomba yale, nikauliza bomba moja lina kilo ngapi. Nikazidisha. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulipima lile lori."

Siku hiyo hiyo alasiri, msimamizi wa kampuni alikuja, akasimama mlangoni.

"Fundi, winchi ilikuwa na hitilafu?"

"Hapana," fundi alijibu. "Winchi ilikuwa nzima."

Anarudia maneno hayo polepole. "Na ni kweli ilikuwa nzima. Ilikuwa ndogo. Yeye hakuniuliza kama ni ndogo. Niliyashika maneno yale nikajifichia humo miaka minane. Kila nikiamka usiku nilijiambia, mimi sikusema uongo."

Kofia alifukuzwa kazi mwisho wa juma lile. Barua ilisema uzembe. Hakuna kampuni nyingine ya malori iliyomchukua, maana habari za madereva zinakwenda kasi kuliko malori yao. Alikwenda hospitalini kumwona rafiki yake. Dada yake fundi ndiye aliyekuwa mlangoni mwa wodi.

"Nilimrudisha," anasema dada mtu. Anasimama kwenye mlango wa jikoni, taulo begani. "Alikuja na mfuko wa machungwa. Nilimwambia umeshamkata mguu, sasa umekuja kumlisha machungwa? Mzee wa watu akaweka mfuko chini, akaondoka. Hata sikuuokota. Wauguzi waliyala."

Fundi alikuwa pale. Alikuwa ameketi kwenye benchi la kusubiria wagonjwa, hatua chache kutoka mlangoni. Alisikia kila neno, akatazama viatu vyake.

Kuanzia mwezi ule alianza kupeleka magari mizani. Watu walidhani amezeeka, jicho limechoka. Aliwaacha wadhani hivyo. Alimpelekea shemeji yake hela kila mwezi bila kuulizwa, akamnunulia zana za kwanza za kutengenezea feni, akawa anamsifia mbele ya watu. Dada yake akawa anawaambia majirani kwamba hajaona kaka kama huyu.

"Kila akinisifu nilitamani aache," fundi anasema. "Na sikuwa na ujasiri wa kumwambia aache, kwa sababu angeniuliza kwa nini."

Mwaka jana alihitaji mbao za kutengenezea rafu. Alikwenda kwenye yadi ya mbao upande wa pili wa mji, ambako hakuwa na mazoea. Mlinzi aliyekuja kufungua geti alikuwa amevaa kofia ya sufu.

"Shikamoo mzee," fundi akasema, akiwa ametazama chini.

"Marahaba, fundi. Habari za siku nyingi?" Kofia alifungua geti lote, akamwelekeza pa kuegesha, akamsaidia kupakia mbao ingawa haikuwa kazi yake. Alipomaliza akasimama kwenye dirisha la gari.

"Shemeji yako anaendeleaje?"

"Hajambo."

"Mwambie..." Kofia akafikiri kidogo. "Basi. Usimwambie kitu."

Fundi hakufika mbali. Aliegesha kando ya barabara, mbao zikiwa zimetokeza nyuma, akalia mpaka mtu wa pikipiki akasimama kumuuliza kama amekwama.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa shemeji yake, akaketi kwenye kochi lile lile, akasema yote. Jicho, mabomba, kapi, breki nyeusi, msimamizi mlangoni. Alizungumza bila kupumzika, kama mtu anayeshusha mzigo na kuogopa kwamba akisimama hataweza kuunyanyua tena.

Shemeji aliweka bisibisi mezani. Aliuliza jambo moja tu.

"Kofia anajua?"

"Hapana."

"Sasa mbona umeanza kwangu?"

Dada yake fundi alikuwa amesikia kutoka jikoni. Hakupiga kelele, hakumlaumu. Aliingia ndani kubadilisha nguo, akatoka amebeba mkoba. "Twendeni," akasema.

Walikwenda watatu mpaka yadi ya mbao. Kofia alikuwa zamu. Aliwapa viti viwili alivyokuwa navyo, yeye akakaa juu ya rundo la mbao. Fundi alianza kuomba msamaha, lakini Kofia akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Nieleze hiyo breki."

Fundi akachukua kipande cha ubao, akatoa penseli, akachora ngoma, mota na breki katikati. Akamwonyesha ilivyopata moto, ilivyoachia, kamba ilivyotoka bila mtu kugusa chochote. Kofia alifuatilia mstari wa penseli kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo kidole changu kilikuwa kwenye kuvuta."

"Kilikuwa kwenye kuvuta, mzee."

"Muda wote?"

"Muda wote."

Kofia alikitazama kidole chake. "Miaka miwili ya kwanza nilijua sikubonyeza," akasema. "Halafu kila mtu anakwambia ulibonyeza, unaanza kujiuliza. Mwisho nikakubali. Nikamwambia mke wangu, labda kweli nilibonyeza, labda nilitaharuki tu, sikumbuki. Amefariki akijua hivyo. Nilimwambia mimi mwenyewe."

Dada yake fundi alikuwa analia bila sauti. Shemeji akanyanyuka, akajiegemeza kwenye fimbo, akanyoosha mkono. Kofia akaupokea na kuushika. Nje lori likapiga honi, na Kofia akauachia mkono, akaenda kufungua geti.

Hakusema amesamehe. Hajasema mpaka leo, na fundi hajawahi kumuuliza. Shemeji sasa anakwenda yadi karibu kila Jumamosi. Wanakaa kwenye rundo la mbao na redio ndogo, wanasikiliza mpira, na wakati mwingine hawasemezani saa nzima. Dada yake fundi alipeleka machungwa. Kofia aliyapokea, akala moja mbele yake ili aondoke na amani. Yaliyobaki aliwagawia wapakizi.

Kwa fundi mambo ni magumu zaidi. Kofia anamjibu salamu, anamuuliza habari za kazi, lakini gereji hataki kukanyaga. Fundi alimwomba aje wafanye kazi pamoja, ashike upande wa kamba na kapi, kwa mshahara unaozidi mara mbili ule wa geti. Kofia alisema atafikiria mvua zikiisha. Mvua zimeisha mara mbili.

Mwezi ujao, madereva wa malori wa eneo hili watakusanyika kwenye uwanja ulio nyuma ya gereji kwa mafunzo ya siku moja ya kukwamua magari. Fundi ndiye ameombwa awafundishe namna ya kuchagua winchi. Amekubali kwa sharti moja, apewe dakika kumi za mwanzo kabla ya somo. Wengi watakaokuwepo ni wale wale waliobeba habari za Kofia kutoka gereji moja hadi nyingine.

"Nitawaambia nani alikosea, na nitataja nililomjibu msimamizi," anasema. "Biashara ikifa, ife. Walilisikia jina la yule mzee likichafuliwa hapa, nataka walisikie likisafishwa hapa hapa, na aliyelichafua."

Alikwenda yadi kumweleza Kofia mpango huo na kumwalika. Kofia alisikiliza, akasema siku hiyo huenda atakuwa zamu, ataangalia. Fundi alirudi nyumbani kwa dada yake amevunjika moyo, akauliza kama aahirishe mpaka siku ambayo mzee hana zamu.

"Usiahirishe kitu, kaka," dada yake alimwambia. "Aje asije, wewe sema."